Sista Aliponiambia Shuka

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali, umekalia tako moja kwa sababu la pili limechoka, ruka hizi aya za mwanzo. Mimi ningeruka. Mama yangu anasema hata kuzaliwa nilizaliwa njiani, kabla mkokoteni wa ng'ombe haujafika zahanati, na leo nina miaka thelathini na tisa bado chai naimeza inachemka kwa kushindwa kungoja ipoe. Nakueleza haya ujue ni mtu wa namna gani aliyeambiwa alale chali wiki sita autazame mguu wake.

Mguu wenyewe ni wa kushoto. Nilikuwa mchimbaji kwenye machimbo ya upande wa Geita, duara la watu wanane. Duara ndilo shimo lenyewe: mdomo wa kupita mtu mmoja, halafu matimba, yaani magogo yaliyokazwa ukutani ambayo unayakanyaga unaposhuka. Letu lilikuwa na matimba thelathini na moja. Mwisho wa matimba kuna kamba, na kamba inakwenda juu kwenye winchi ya mbao inayozungushwa na watu wawili. Mwaka juzi, mvua za kwanza ziliponyesha, ukuta ulimomonyoka, jabali likanikalia mguu. Wenzangu walinitoa siku ileile, jua likiwa linazama. Saa nilizokaa kule chini sikumsimulia mtu. Watu walipouliza nilisema, "Namshukuru Mungu," nikabadilisha mazungumzo.

Mfupa ulifungwa na ukaunga. Kidonda ndicho kilichokataa. Kilikuwa kinajifanya kupona, kinatoa usaha, kinajifanya kupona tena. Nikakiita kipele. Nikarudi machimboni kusimamia kazi za juu, natembelea fimbo, na kila asubuhi nameza vidonge vya maumivu vya dukani, viwili, baadaye vinne, baadaye nikaacha kuhesabu. Dengu zikapandwa, zikavunwa, kipele kiko palepale. Siku nilipoamka uso umevimba, Mama Kulwa, mke wangu, alinifuata mwenyewe, akanipakia kwenye basi la Shinyanga kama gunia la mpunga. Njia nzima hakusema neno isipokuwa pale Kahama, aliponiuliza kama nataka maji.

Nilikaa kwenye foleni ya daktari siku mbili, au niseme nilizunguka kwenye foleni siku mbili, maana nilisimama, nikakaa, nikatoka nje kuangalia geti, nikarudi nikakuta nimepoteza nafasi. Daktari alikuwa kijana, anaongea taratibu. Alisema mfupa umeoza kwa ndani. Alisema pia kwamba figo zimechoshwa na vile vidonge, kwa hiyo dawa kali za maumivu tuziweke kando.

"Tutakuchoma sindano za kuua wadudu wiki sita," akasema, "na kidonda kitasafishwa kila siku, mpaka chini kabisa. Kikisafika, tunatoa kipande kilichokufa na mguu unabaki. Kisiposafika, itabidi tukate hapa."

Akagusa juu ya goti langu kwa kalamu. Ile kalamu ilikuwa na kifuniko cha bluu, kimetafunwa. Mpaka leo nikiona kalamu iliyotafunwa natoka chumbani.

Siku mbili za kwanza walinilaza kwa sindano. Haiwezekani kumlaza mtu kila siku, na figo ndizo zile, kwa hiyo siku ya tatu tukaanza macho makavu. Kitoroli kilikuwa kinakuja saa nne asubuhi, gurudumu lake moja bovu, unalisikia kuanzia mlango wa wodi. Mimi kitanda changu kilikuwa cha tisa. Kuanzia kitanda cha nne nilikuwa nimeshalowa jasho. Sitaeleza kusafishwa kwenyewe kulivyo, aliyepitia anajua. Nitasema tu kwamba siku ya tano nilimng'ata Mama Kulwa mkono. Alikuwa amenishika kichwa, nikageuka nikamng'ata hadi damu. Alitoka, akanawa kwenye bomba la nje, akarudi akasimama upande wa miguuni. Tangu hapo akawa anasimama upande huo, na mimi nikawa naona aibu kuliko maumivu. Siku ya saba nilimfukuza nesi, na ya nane pia. Daktari alipopita aliandika kitu kwenye faili langu, akalifunga bila kunitazama.

Ndipo akaja Sista Beata. Mwanamke mfupi, mtu wa Iringa, sauti yake ya chini hata inabidi uache kupiga kelele ndipo umsikie. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi na watu walioungua moto, na huko alifundishwa jambo.

"Baba Kulwa," akasema, "naweza kujaribu kitu na wewe? Hakuna sindano wala kidonge. Ni maneno tu."

"Maombi?"

"Siyo maombi. Kitaalamu inaitwa hipnosisi. Nakuongoza unatulia sana, akili yako inakwenda mahali pengine, na mwili unaacha kupigana. Utanisikia muda wote. Ukitaka kuacha, unaacha."

"Kwa hiyo ni usingizi wa maneno."

"Uite hivyo," akasema, akatabasamu. Kufika saa saba mchana wodi nzima ilikuwa inauita hivyo, na mzee wa kitanda cha kumi akawa ananiuliza kama maneno yenyewe yanauzwa duka gani.

Kesho yake Sista alikuja kabla ya kitoroli. Akavuta kiti. Akaniambia nifumbe macho, nilegeze taya, nilegeze mabega. Nikalegeza, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuogopa.

"Vuta pumzi ndefu," akasema. "Toa. Vuta tena. Vizuri. Sasa umesimama juu ya ngazi. Ni ngazi nzuri, pana. Shuka ngazi ya kwanza. Kila unaposhuka unazidi kutulia. Shuka nyingine. Shuka, taratibu, shuka..."

Mahali pengine neno hilo halina shida. Unashuka basi, unashuka kitandani. Kwa mchimbaji kuna kushuka kumoja tu. Ukimuuliza mtu yuko wapi, ukaambiwa ameshuka, huulizi tena ni wapi. Nilikuwa kwenye timba la nne au la tano nilipoanza kusikia harufu ya udongo mbichi. Kitu kilichofuata ni kelele, na kelele zilikuwa zangu. Nilipiga teke kwa mguu mzima, sinia ya vifaa aliyokuja nayo Sista ikaruka, mikasi ikaenda chini ya kitanda cha jirani, na dawa ya kahawia ya kusafishia kidonda ikammwagikia Sista gauni lote upande wa mbele.

Hakunigombeza. Aliinama akaokota mikasi. "Umeona nini?" akauliza.

"Sijaona kitu," nikasema.

Bahati mbaya ya bahati mbaya, mama yangu alifika mchana huo kutoka Kishapu, na wodi ikamsimulia kabla hajanifikia. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akanipita, akaenda moja kwa moja kuangalia macho yangu, la kulia kisha la kushoto, akayafungua kwa kidole gumba kama anavyokagua ndama.

"Daktari wa sindano namwelewa," akamwambia Mama Kulwa. "Sindano ikiisha nguvu, mtu anaamka. Huyu analaza kwa mdomo. Siku mdomo wake ukikataa kumuamsha mwanangu, nitamuuliza nani?"

"Mama, yule ni nesi. Amesomea," Mama Kulwa akasema.

"Na wanaochukua watu msukule hawasomei?"

Usicheke. Kwetu watu wanaogopa jambo hilo kweli: mtu anafungwa akili, mwili wake unakwenda kulima shamba la mwingine, na nyumbani wanadhani wamemzika. Walibishana juu ya kitanda changu mpaka wakaambiwa watoke. Mimi nilifanya ninachokiweza siku zote. Asubuhi, kabla gurudumu bovu halijalia, nilimwambia mama anishike upande mmoja, nikatoka getini na mkongojo, nikapanda bodaboda hadi nyumbani Ngokolo, mtaa wetu hapohapo mjini.

Nilikaa siku nne. Siku ya kwanza nilijiona mjanja. Siku ya pili homa ikapanda, mama akanikanda kwa maji ya majani, akaimba. Siku ya tatu watoto, Kulwa na Doto, wakahama wenyewe kwenda kulia chakula nje. Hawakusema kwa nini. Nilijua kwa nini, hata mimi nilikuwa naisikia harufu. Siku ya nne Mama Kulwa aliniletea uji, akauweka sakafuni badala ya kunipa, akakaa mbele yangu.

"Baba Kulwa, nisikilize, usinikatize. Mimi sijali kama watakukata. Wakikukata nitakusukuma kwa baiskeli, nitaona aibu wiki moja, nitazoea. Lakini unaoza ukiwa unaongea na mimi. Hilo sitazoea. Sasa chagua wewe mwenyewe, kukatwa au kusafishwa, ila hapa hunywi huu uji mpaka uchague."

Mama alikuwa mlangoni. Nilimtazama anisaidie, akaangalia pembeni. Nikasema, "Kusafishwa." Nilikunywa uji, tukaondoka wote watatu.

Daktari hakuwa na mengi. Aliangalia kidonda, akasema tumebakiwa na wiki mbili za kujaribu, si zaidi. Baada yake Sista Beata akaja, gauni jingine, akavuta kiti kilekile. Mama akajisogeza akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa amekubali nisafishwe, hakuwa amekubali nichukuliwe.

"Leo silazi mtu," Sista akasema. "Leo nauliza. Ulipokuwa unashuka zile ngazi, uliogopa nini?"

Nikamwambia. Sijui kwa nini siku hiyo niliweza, labda kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kukimbilia. Nikamwambia kwamba kwenye duara, ukitaka kupandishwa unapiga kelele neno moja: Vuta! Neno hilo halichezewi. Ukilitamka kwa mzaha, wenzako hawakuruhusu kushuka siku hiyo. Jabali liliponikalia, kamba ilikuwa karibu na uso wangu, nikaishika, nikapiga kelele vuta. Kamba haikutikisika. Udongo ulikuwa umeibana juu, na sauti yangu haikupita. Niliita vuta mpaka koo likakauka, na halafu nikaacha. Wenzangu walikuwa wanachimba muda wote huo kunifikia, wanahangaika, na mimi nilikuwa nimeshaacha kuita. Nilikuwa nimekubali kubaki.

Mama Kulwa alikuwa hajui hayo. Alikuwa upande wa miguuni, na nilimwona akishika chuma cha kitanda.

Sista akakisogeza kiti karibu. "Na mimi nilikuambia vuta," akasema, "halafu nikakuambia shuka."

"Ndiyo. Unanivuta, halafu unanishusha. Kwenye duara letu wangekufukuza kazi."

Alicheka kwanza yeye, na mimi nikafuata. Kisha akasema, "Nisamehe, Baba Kulwa. Nilifanya kama nilivyofundishwa, sikuuliza. Basi leo hatushuki. Uko chini tayari. Mimi niko juu, nimeshika winchi. Sivuti mpaka wewe useme."

Nikafumba macho. Nilisikia kitoroli kinakuja, kitanda cha nne, cha tano, cha sita. Neno lilikataa kutoka. Sista hakunihimiza. Nikalisema mwishowe, kwa sauti ndogo kabisa.

"Vuta."

"Navuta," akajibu palepale.

Pumzi ikaingia. Sijui nikuelezeje. Ilikuwa inaingia yenyewe, imevutwa. Nikaliona timba la kwanza likipita mbele ya macho. "Vuta," nikasema. "Navuta," akasema. La pili. Machozi yalikuwa yanatoka, nilikuwa nayasikia yakiingia masikioni, na sikujali. Kila mara niliita, na kila mara kulikuwa na mtu juu.

"Shija!" mama akaniita ghafla kwa jina langu, akanitikisa mkono. "Bado upo?"

"Nipo, mayu."

"Haya."

Alifanya hivyo mara tatu au nne, na Sista hakukasirika, alimsubiri amalize, akaendelea. Kwenye timba la kumi na kitu nikasikia chuma kimeingia kidondani. Nisikudanganye, maumivu yalikuwapo. Lakini yalikuwa kama ugomvi wa nyumba ya jirani: unausikia, unajua unahusu nini, haukuhusu wewe. Kwenye timba la thelathini na moja nikatokea juu, si machimboni, bali kwenye shamba la dengu la mama, udongo mweusi wa mbuga umepasuka, asubuhi. Kama umewahi kuchuma majani ya dengu unaujua ule uchachu unaobaki vidoleni. Nikalamba kidole.

Mama Kulwa ndiye aliyenisimulia baadaye: gozi, yaani kitambaa cha kujazia kidonda, lilikuwa linatolewa mguuni, lefu, linanuka, na mimi nimelala nalamba kidole kama mtoto. Mama akamuuliza Sista nimepelekwa wapi. Sista akasema hajui, aniulize mwenyewe. Mama akauliza, nikasema, "Niko kwenye dengu zako, mayu." Akauliza zikoje. Nikasema ni nzuri, ila upande wa bondeni zinataka palizi. Hapo akaniachia mkono. Msukule hawezi kujua upande wa bondeni.

Wewe unayetafuta nafuu, shika haya na uyatumie. Haikufanya kazi kila siku. Siku niliyogombana na Mama Kulwa juu ya ada ya watoto ilikataa kabisa, nikapiga kelele kama mwanzo. Siku Sista alipokuwa likizo nilijiitia mwenyewe, nikawa mchimbaji na mwenye winchi, nikafika timba la ishirini tu, lakini hayo ishirini yalitosha. Tangu niliporudi wodini dawa sikuacha hata moja, na wewe usiache. Maneno hayakuua wadudu, sindano ndizo zilizoua. Maneno yalinifanya nikae pale sindano na mikasi vifanye kazi. Na mtu akitaka kukulaza kwa maneno, mwambie kwanza unachoogopa, hata kama hajakuuliza. Mimi nilikaribia kupoteza mguu kwa kuona haya kusema neno moja.

Pamba zilikuwa zinapelekwa mnadani waliponiingiza chumba cha upasuaji. Walitoa kipande cha mfupa urefu wa kidole kidogo. Daktari alikuja kunionyesha kwenye kibakuli, cheusi, chepesi, kama kuni iliyozimwa. Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa sijawahi kuliuliza kwa sauti.

"Unabaki," akasema. "Utakuwa mfupi kidogo. Lakini unabaki."

Basi nikarudi Ngokolo. Usidhani nilitulia. Niliamriwa nitembee uani na mikongojo miwili, dakika kumi asubuhi, kumi jioni, mpaka mvua zianze. Nilihesabu kuku, nikahesabu matofali ya ukuta wa jirani. Mguu ulikuwa mwembamba, ngozi inang'aa, nywele hazioti, na kila nilipoukanyaga nilikuwa nasubiri usaliti. Hali hii hakuna aliyeniambia ningeikuta: kidonda kimefunga na bado huamini. Nilikuwa nakaguakagua kovu kutwa, nanusa kitambaa, naamka kitandani nalishika. Mama Kulwa alikuwa amerudi kwenye biashara yake ya mitumba, na jioni aliponiuliza, "Unaendeleaje?" nilikuwa namjibu kwa ukali, kama yeye ndiye jabali.

Asubuhi moja, watoto wakiwa shule, niliuegemeza mkongojo mmoja ukutani. Nikazunguka uani na ule mwingine. Nikauacha na huo. Nilisimama katikati ya ua kwa muda, mikono imetanda, na jirani akaniuliza kama nimeibiwa kitu. Nikafungua geti.

Sikumwambia mtu naenda wapi kwa sababu sikujua. Nilisema nitafika kwenye kona. Kwenye kona nikasema nitafika kwenye kioski. Mguu ulikuwa unauma, naomba nisieleweke vibaya, ulikuwa unauma vizuri sana, na nilikuwa nakwenda upande mmoja kama baiskeli yenye rimu iliyopinda. Watu wananisalimia, "Baba Kulwa, habari za leo?" na mimi najibu bila kugeuka kwa kuogopa kuanguka. Nilipofika sokoni shati lilikuwa limenigandia mgongoni, na nilijua wazi kwamba kurudi siwezi.

Mama Kulwa alikuwa anatundika mashati. Aliniona, mikono ikabaki hewani.

"Nani amekuleta?"

"Sijaletwa."

"Bodaboda yuko wapi?"

"Sijapanda bodaboda. Nimekuja kwa miguu."

Akaangalia nyuma yangu, akaangalia kwapani kwangu pasipo na mkongojo, akaangalia chini. Mwanamke aliyekuwa anachagua nguo pembeni yake akaacha kuchagua.

"Miguu mingapi?" akauliza.

"Miwili, Mama Kulwa."

Akaketi juu ya robota la mitumba, akajifunika uso na shati la mtu asiyemjua, akalia mbele ya soko zima.